Utani wa Kompyuta Mwisho wa Reli

Kazi ya kukatwa vipande si ngeni kwetu watu wa Kigoma. Meli ya Liemba iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa tena, ikapakiwa kwenye masanduku yapatayo 5,000 na kusafirishwa hadi Dar es Salaam. Kutoka pale ililetwa huku kwa reli, ambayo ilifika Kigoma Februari 1914. Mwaka uliofuata, mwezi huohuo wa Februari, ikashushwa ziwani kwa jina la Graf von Goetzen. Mtu aliyebeba sanduku moja pale stesheni hakuwa na haja ya kuielewa meli nzima. Kazi yake ilikuwa kulifikisha sanduku lake.

Nimeanza na Liemba kwa sababu ninayotaka kuyasimulia yamesimama juu ya wazo hilohilo. Kuna hesabu za kisayansi ambazo ni kubwa kuliko uwezo wa kompyuta ya chuo kimoja, ila zinakubali kukatwa. Kila kipande kinatumwa kwa mtu baki, nyumbani kwake, na kompyuta yake inakipiga wakati yeye amelala. Asubuhi jibu linarudishwa kwa wenyewe. Malipo hakuna. Sasa swali: kwa nini mtu aunguze umeme wake kwa ajili ya hesabu ya mtu asiyemjua?

Jibu la kwanza ni udadisi. Tarehe 17 Mei 1999, Chuo Kikuu cha California kule Berkeley kilifungua mradi wa SETI@home, uliokuwa ukichambua mawimbi yaliyonaswa na darubini ya redio ya Arecibo, Puerto Rico, kutafuta dalili za viumbe wenye akili nje ya dunia yetu. Watu zaidi ya milioni 5 walijiunga katika maisha ya mradi. Hakuna kiumbe aliyepatikana, na mwisho wa Machi 2020 mradi uliacha kugawa kazi.

Jibu la pili ndilo ninalolipenda zaidi: watu walitaka kushindana. Mradi ulihesabu vipande ambavyo kila mmoja amevimaliza na kuyapanga majina, wa kwanza hadi wa mwisho. Mara zikazaliwa timu za vyuo, za kampuni, za nchi, za mashabiki wa kompyuta. Mtu aliyejiunga kwa ajili ya nyota akajikuta anakesha ili jirani asimpite. Wengine wakazidisha: wakachezea programu ili ionekane wamefanya kazi ambayo hawakuifanya, eti wapande daraja. Dawa iliyopatikana ni rahisi, nayo inafaa hata kwa kura za vijijini kwetu. Kipande kilekile kinapewa watu wawili wasiojuana, halafu majibu yanalinganishwa. Yakipishana, anatafutwa wa tatu.

Msomaji wa historia yetu hatashangaa. Miaka ya ukoloni, ngoma ya beni ilienea kutoka pwani ya Kenya hadi miji ya Tanganyika, na karibu kila ilipofika watu waligawanyika pande mbili, Marini na Arinoti. Walishindana kwa mavazi, kwa gwaride, kwa karamu. Ukiwatazama kwa juu juu ungesema ni ubatili mtupu, kumbe vyama vilevile vilisaidiana kwenye ugonjwa na kwenye mazishi. Mwanahistoria Terence Ranger aliandika kitabu kizima juu ya jambo hilo mwaka 1975. Ushindani ulikuwa kuni, na chungu kilichopikwa juu yake kilikuwa kingine kabisa.

Kwenye gwaride la kompyuta sisi tulichelewa, na sababu zake ziko wazi. Kompyuta ya kwanza nchini iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta, na katazo hilo lilidumu miaka mingi. Mkongo wa SEACOM ulifika Dar es Salaam Julai 2009, wakati SETI@home tayari ina miaka 10. Huku mwisho wa reli, kwa muda mrefu taa zetu ziliwaka kwa jenereta za dizeli, nje ya gridi ya Taifa. Mtu anayehesabu uniti za LUKU kama anavyohesabu kilo za unga hawezi kuacha mashine inguruma usiku kucha kwa ajili ya sayari za mbali.

Hata hivyo Tanzania ilikuwemo ndani ya mashine hizo, kwa mlango mwingine. Mwaka 2006 ulizinduliwa mradi wa Africa@home, ulioshirikisha CERN na Chuo Kikuu cha Geneva. Kazi yake ya kwanza iliitwa MalariaControl.net, nayo ilitoka Taasisi ya Tropiki ya Uswisi, iliyoko Basel. Taasisi hiyo ni jamaa wa zamani. Rudolf Geigy alifika Ifakara mwaka 1949, na mwaka 1957 ikaanzishwa pale maabara iliyokuja kuwa Taasisi ya Afya Ifakara.

Walichokuwa wanakifanya ni kuunda kijiji cha kubuni ndani ya kompyuta. Kila mwanakijiji anazaliwa, anaumwa na mbu, anaugua, anapona au anakufa. Halafu unauliza: wakipewa vyandarua, itakuwaje? Wakipewa chanjo isiyokinga kila mtu, itakuwaje? Kwa kuwa bahati ina nafasi kubwa katika malaria, kijiji hicho lazima kiishi upya maelfu ya mara kabla hujaliamini jibu. Katika majaribio ya awali, kompyuta 500 za watu wa kujitolea zilifanya kazi ambayo ingechukua kompyuta moja miaka 150. Mradi uliendelea hadi 2016.

Lakini kijiji cha kubuni hakitoki hewani. Sehemu ya takwimu zilizotumika kukirekebisha zilitoka bonde la Kilombero, vijiji kama Namawala na Idete. Idete ndiko chanjo ya SPf66 ilikojaribiwa kwa watoto, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 1994 yalionyesha ufanisi wa asilimia 31. Yaani kabla kijana wa Ulaya hajawasha kompyuta yake na kuhesabiwa pointi, mtoto wa Idete alishatoa kidole kikachomwa, na mama yake alishatembea naye hadi kliniki. Orodha ya washindi ilihesabu umeme peke yake. Tone la damu halikuwa na safu yake kwenye jedwali.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaosema kwamba Afrika katika habari hii ilikuwa mpokeaji tu. Tulitoa, tena tulitangulia kutoa. Kilichokosekana ni mhesabuji wa utoaji wetu.

Mimi mwenyewe niliingia mchezoni baada ya Oktoba 2019, ulipozinduliwa mradi wa mvua za Afrika chini ya World Community Grid. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Delft, Uholanzi, waliligawa eneo la kusini mwa Sahara katika vipande zaidi ya 35,000, kila kimoja kilomita 52 kwa 52, na kila fungu la kazi lilikuwa saa 48 za hali ya hewa juu ya kipande kimoja. Shabaha ilikuwa kuiona mvua kwa umbali wa kilomita moja, maana radi na mvua zetu za ghafla hupenya kwenye ramani pana kama dagaa kwenye wavu wenye matundu makubwa. Kwa anayeishi ufukweni hili si jambo la starehe. Mwaka 2020 na 2021 Ziwa Tanganyika lilipanda, maji yakaingia majumbani upande wetu, Burundi na Kongo.

Mshindani wangu alikuwa mwalimu wa sekondari, mzaliwa wa Ujiji. Mimi nakaa Mwanga. Kila mmoja alikuwa na kompyuta mpakato kuukuu. Fungu moja lilinichukua karibu siku nzima, na umeme ukikatika betri ikaisha, hesabu inarudi nyuma hadi pale ilipohifadhiwa mara ya mwisho. Ujumbe wa asubuhi ulikuwa utani mtupu. “Shikamoo nitapokea jioni, nikishakupita,” aliniandikia siku moja. Nikamjibu, “Mwalimu, Ujiji mmezoea kuishi kwa historia. Mwanga tunapiga hesabu.” Nilimwacha mbali kwa pointi, kwa sababu moja tu: mtaani kwangu umeme ulikatika mara chache kuliko kwake.

Naye aliliona hilo kabla yangu. “Ndugu mwandishi,” akasema, “tunashindana TANESCO, hatushindani sisi.” Akaacha kuwasha mashine. Badala yake akatengeneza kipimamvua kwa chupa ya plastiki na rula, akakisimika nyuma ya madarasa, akawapangia wanafunzi zamu ya kusoma kila asubuhi saa tatu. Darasa moja likaanza kulitambia jingine kwamba halijakosa hata siku moja. Ramani ya kompyuta, hata iwe nzuri vipi, lazima ipimwe na mtu aliyesimama chini ya mvua yenyewe, na vituo vya kuipima huku kwetu ni vichache.

Pointi zangu bado zipo kwenye seva, na nafasi yangu juu yake haijabadilika. Daftari la mwalimu limeshajaa, sasa wako kwenye la pili.