Saa ya Mama kwenye Mkono wa Biharusi

Msimu wa harusi mabiharusi huniuliza, na gauni hili nivae saa gani? Huwaambia, kabla ya kwenda dukani fungua kwanza kabati la mama.

Saa ya mkononi ilianza kwetu wanawake. Mwaka 1868 Patek Philippe wa Uswisi walitengeneza saa ya bangili kwa Countess Koscowicz wa Hungary. Wanaume waliweka zao mfukoni, ya mkononi wakaiona pambo la kike, mpaka Vita vya Kwanza vya Dunia, askari walipohitaji kutazama saa huku mikono ina kazi. Mwaka 1917 Louis Cartier akabuni Tank, saa ya pembe nne, umbo linalosemwa kalitoa kwenye vifaru.

Tank moja ilikuwa ya Jacqueline Kennedy, mke wa Rais wa Marekani. Alipewa mwaka 1963 na shemeji yake, Stanislaw Radziwill, mume wa mdogo wake. Mgongoni imechorwa tarehe 23 Februari na saa mbili: kwa hesabu yetu, saa nane na dakika tano usiku hadi saa tatu na dakika 35 usiku uliofuata. Ni muda wa matembezi ya maili 50 kule Florida. Jacqueline naye akamchorea picha ya safari ile. Mwaka 2017 saa na picha viliuzwa pamoja mnadani New York kwa dola 379,500. Dhahabu ile peke yake haifiki hata robo ya bei hiyo. Kilichonunuliwa ni yale maandishi ya mgongoni.

Basi ukiipata ya mama, usikimbilie kuing'arisha, fundi atayafuta maandishi. Na hili nalisema kwa uzito: kama mama ametangulia mbele ya haki, na hakukupa akiwa hai, saa ile ni mirathi. Hata iwe ndogo vipi, wana haki ndugu zako wote, na baba na bibi kama wapo. Waombe radhi zao kwanza. Nimeona dada wawili hawasemezani kwa sababu ya saa iliyokwisha simama.

Ikishakuwa yako, ipeleke kwa fundi wa saa aisafishe na kuitia mafuta. Itie ufunguo kila asubuhi, taratibu, ukihisi imekaza acha. Mkanda wa ngozi ukichakaa badilisha, huo hauna historia. Na ivue kabla ya kutia udhu, maana saa za zamani nyingi hazizuii maji.