Ramani ya Nyumba: Kutoka Boriti za Lamu hadi Rayners Lane



Wajukuu wameniuliza ni nani aliyeichora nyumba ya babu yangu mtaani Mkomani, Lamu. Jibu ni kwamba hakuna aliyeichora kwa kalamu. Nyumba za mawe za Lamu, ambazo nyingi katika zile kongwe ni za karne ya 18, zilipangwa kwa mazungumzo baina ya mwenye nyumba na fundi mwashi. Mwenye nyumba alieleza ana mabinti wangapi, wageni wake ni watu gani na uwezo wake ni wa kadiri gani; fundi akapima kiwanja kwa kamba na dhiraa, akaanza kujenga.

Walakini palikuwa na mshauri wa tatu, naye ni boriti. Dari ililaliwa na miti ya mikoko, na mkoko ulionyooka, wenye nguvu ya kubeba sakafu ya mawe na chokaa, hauwi mrefu sana. Kwa hiyo upana wa chumba aghalabu haukuzidi mita 3 hivi. Aliyetaka nafasi zaidi hakuongeza upana, bali alijenga chumba kingine nyuma ya kile cha kwanza. Ndipo ukapatikana mpango ule tuujuao: daka mlangoni, tekani, kiwanda kilicho wazi, msana wa tini, msana wa yuu, kisha ndani. Kila hatua ilimweka mtu mbali zaidi na njia. Mgeni wa kiume alipokelewa sabule, na watu wa nyumbani wakaendelea na shughuli zao bila ya kusumbuliwa.

Boriti hizo hizo zilipakiwa majahazini zikapelekwa Omani, Bahrein na Kuwait, na nyumba za kale za huko nazo zina vyumba vyembamba kwa sababu ile ile. Aliyetaka kuuvuka mpaka huo alihitaji chuma. Sayyid Barghash bin Said, aliyetawala Unguja toka 1870 hadi 1888, alijenga Beit al-Ajaib mwaka 1883 kwa nguzo na mihimili ya chuma, akapata kumbi ambazo mkoko usingeweza kuzifunika.

Huku Rayners Lane, mambo yalikwenda kinyume na hayo. Hapa palikuwa mashamba. Reli ya Metropolitan ilifungua kituo kidogo mwaka 1906, na katika miaka ya 1930 wajenzi wa biashara, mmojawapo T. F. Nash, wakayajaza mashamba hayo nyumba. Jengo la kituo tulionalo leo, kazi ya Charles Holden na Reginald Uren, ni la mwaka 1938. Nyumba zilichorwa kabla ya mnunuzi kujulikana: mbili mbili, zikishirikiana ukuta mmoja, sebule mbele, jiko dogo nyuma. Mwenye kuingia alikuta maisha yake yamekwisha kupangiwa vyumba.

Kwetu sisi swali la kupanga lilikuja pale mwanangu alipotaka kuupanua upande wa nyuma ili sote tukae pamoja. Msanifu majengo aliletwa, akachora mchoro safi: kuta zote za chini zimeondolewa, na kutoka mlango wa mbele mtu anaona hadi bustanini. Mke wangu aliutazama kwa muda, kisha akauliza, "Mgeni akibisha hodi nami niko jikoni, nitapita wapi?" Mwanangu alisema, "Mama, siku hizi nyumba zote ziko hivi." Mama yake akamjibu kwamba yeye hatakaa katika nyumba zote, atakaa katika hii.

Wiki nzima hatukukubaliana. Hatimaye tuliketi watatu na karatasi ya miraba. Chumba cha mbele kikabaki na ukuta wake na mlango wake, kikawa sabule yetu. Jiko likasogezwa nyuma. Sheria ya Uingereza huiruhusu nyumba ya aina hii, kwa masharti yake, kuongezwa ghorofa moja nyuma hadi mita 3 bila ya kuomba kibali kamili cha mipango. Nilipousoma upana huo nilicheka: ulikuwa karibu sawa na kipimo cha boriti.

Sikusema kwamba mtaalamu hana kazi. Mhimili wa chuma ulikokotolewa na mhandisi, na mkaguzi wa ujenzi alikuja kuutazama. Kwa kuwa ukuta ni wa watu wawili, jirani alipewa taarifa ya maandishi kama Sheria ya Kuta za Pamoja ya 1996 inavyotaka. Haki ya jirani si ngeni kwetu: Ibn al-Rami, mwashi wa Tunis wa karne ya 14, aliandika kitabu kizima juu ya hukumu za kuta, madirisha na njia. Mhandisi ajua uzito wa ukuta. Nani apite wapi, na nani asionekane, hujulikana na wenye kukaa.

Nyumba ya Mkomani sasa imebaki kuta, paa lake limeporomoka, na wanaoikumbuka tumesalia wachache. Nimeanza kuichora. Kiwanda na sabule ninavyo. Idadi ya boriti za msana wa yuu sinayo. Aliyelala chini yake utotoni akazihesabu, na aniandikie.