Mradi umepewa leseni na hamkuulizwa: jinsi ya kukata rufaa ya mazingira nchini Kenya

Matrekta yanafika kijijini asubuhi. Mnauliza, mnaambiwa kuna machimbo ya mawe yanaanzishwa, au kiwanda, au mtambo wa umeme. Mnaenda kwa chifu. Chifu anasema mwenye mradi ana leseni ya NEMA, mambo yamekwisha.

Hayajakwisha. Leseni ya mazingira ni uamuzi wa serikali kama uamuzi mwingine wowote, na sheria ya Kenya inampa mwananchi nafasi ya kuupinga. Lakini nafasi hiyo ina siku zake, na siku hizo zikipita, hata kesi nzuri hukataliwa mlangoni. Katika makala hii tunaeleza hatua kwa hatua: nani anaweza kukata rufaa, aende wapi, abebe nini na afanye haraka kiasi gani.

Sheria inasema nini

Haki yenyewe imo katika Katiba ya 2010. Kifungu cha 42 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Kifungu cha 70 kinasema anayekwenda mahakamani kutetea haki hiyo si lazima athibitishe kwamba yeye mwenyewe amepata hasara au ameumia.

Utaratibu umo katika Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya mwaka 1999, iliyofanyiwa marekebisho makubwa mwaka 2015. Sheria hii inataka mradi unaoweza kuathiri mazingira ufanyiwe kwanza tathmini ya athari zake. Ripoti ya tathmini hupelekwa kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira, NEMA, ambayo ndiyo inayoamua kutoa leseni au kuinyima.

Kwa miradi mikubwa inayohitaji tathmini kamili, wananchi wanapaswa kusikika mara mbili.

Mara ya kwanza ni wakati tathmini inafanywa. Kanuni za mwaka 2003 zinamtaka mwenye mradi abandike mabango katika sehemu za watu wengi karibu na eneo la mradi, atangaze gazetini na redioni, na afanye mikutano isiyopungua mitatu na watu watakaoathirika. Mikutano hiyo ni ya kuwaeleza watu mradi na madhara yake na kupokea maoni yao, yawe ya mdomo au ya maandishi.

Mara ya pili ni baada ya ripoti kufika NEMA. Hapo NEMA hutoa ilani katika Gazeti Rasmi la Serikali, katika magazeti na redioni, ikiwaalika wananchi waisome ripoti na kutoa maoni. NEMA inaweza pia kuitisha kikao cha hadhara.

Miradi midogo hupitia njia fupi zaidi, na ndiyo maana wakati mwingine mnakuja kujua habari mkiona matrekta tu. Hata leseni ya mradi mdogo inaweza kukatiwa rufaa.

Siku 60

Rufaa dhidi ya uamuzi wa NEMA hupelekwa kwa Jopo la Kitaifa la Mazingira, linalojulikana kwa herufi NET. Jopo hili si sehemu ya NEMA. Liliundwa na sheria hiyo hiyo ya 1999 ili kusikiliza malalamiko dhidi ya maamuzi ya NEMA, na ofisi yake iko Nairobi.

Kifungu cha 129 kinatoa siku 60 za kukata rufaa. Anayeweza kukata ni yule aliyeumizwa na uamuzi, na tangu marekebisho ya 2015 sheria inataja waziwazi kutolewa kwa leseni. Kwa hiyo jirani anayepinga leseni ana njia sawa na mwenye mradi aliyenyimwa leseni.

Hesabu ya siku ndipo wengi wanapoanguka. Mara nyingi mwenye mradi atadai siku zilianza leseni ilipotolewa, na ninyi mtasema mliijua baadaye. Kwa hiyo, siku mnapopata habari za leseni kwa mara ya kwanza, andikeni tarehe na jinsi mlivyojua: barua, bango, ujumbe wa simu au neno la chifu barazani. Kisha fanyeni kana kwamba siku zilianza zamani. Msitegemee kuongezewa muda.

Hatua za kufuata

Kwanza, ulizeni NEMA kwa maandishi. Nendeni ofisi ya NEMA ya kaunti mkaombe nakala ya leseni, masharti yake na ripoti ya tathmini. Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 vinawapa haki hiyo, na ofisi ya umma inapaswa kujibu ndani ya siku 21. Bakini na nakala ya barua yenu iliyopigwa muhuri wa kupokelewa. Lakini fanyeni hesabu: mkisubiri siku 21 zote, katika zile 60 zinabaki 39 tu. Anzeni kuandaa rufaa huku mkingoja karatasi.

Pili, kusanyeni ushahidi wa yaliyofanyika na yasiyofanyika. Mikutano ilifanyika lini, wapi, kwa lugha gani? Nani aliitwa? Watu walionyeshwa ripoti, au waliambiwa tu kwamba mradi utaleta ajira? Je, kuna jina kwenye orodha ya mahudhurio la mtu ambaye hakuwepo, au aliyetia sahihi akidhani ni ya posho? Simu mliyo nayo mkononi inatosha kupiga picha za mabango, mto, visima na mashamba. Hifadhini picha asili, msizifute baada ya kuzituma kwenye kikundi cha WhatsApp.

Tatu, amueni nani anakata rufaa. Anaweza kuwa mtu mmoja, watu kadhaa au kikundi. Ni vizuri wawemo watu ambao maisha yao yanaguswa moja kwa moja: mvuvi, mkulima, mama anayechota maji mtoni.

Nne, andikeni rufaa. Inahitaji majina na anwani zenu, uamuzi mnaoupinga na tarehe yake, sababu za kuupinga, na kile mnachotaka Jopo lifanye. Sababu ziandikwe moja moja kwa namba. Mnaweza kujisimamia wenyewe mbele ya Jopo au kuwakilishwa na wakili. Jopo halibanwi na kanuni kali za ushahidi kama mahakama za kawaida, lakini kesi kubwa huwa na wataalamu na mawakili upande wa pili, kwa hiyo tafuteni msaada mapema. Yapo mashirika ya kisheria yanayosaidia jamii bila malipo. Ulizeni pia gharama za kufungua rufaa, na mjue kwamba Jopo lina uwezo wa kuamuru upande mmoja ulipe gharama za mwingine.

Tano, ombeni kazi isimamishwe. Hapa kuna kosa linalorudiwa mara nyingi. Zamani, kufungua rufaa kulitosha kusimamisha mradi. Sheria ilibadilishwa. Sasa ni lazima muombe amri hiyo, na Jopo litaitoa likiridhika na sababu zenu. Msipoomba, mnaweza kushinda rufaa baada ya miti kukatwa na mto kufukiwa.

Jopo likishasikiliza pande zote linaweza kuukubali uamuzi wa NEMA, kuufuta au kuubadilisha, kwa mfano kwa kuongeza masharti ya leseni. Asiyeridhika ana siku 30 za kwenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi.

Somo kutoka Lamu

Kesi inayoonyesha vizuri jinsi njia hii inavyofanya kazi ni ya Lamu. Septemba 2016 NEMA iliipa kampuni ya Amu Power leseni ya kujenga mtambo wa umeme wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 huko Kwasasi, bara ya kaunti hiyo. Mji wa kale wa Lamu uko katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, na wakazi wengi wa eneo hilo wanategemea bahari. Kikundi cha Save Lamu pamoja na wakazi watano wakakata rufaa mwaka huo huo.

Tarehe 26 Juni 2019 Jopo liliifuta leseni hiyo. Msingi mkubwa wa uamuzi ulikuwa ushirikishwaji wa wananchi. Mikutano ilifanyika, lakini Jopo liliona kwamba ilifanyika kabla ya ripoti ya tathmini kuwa tayari, kwa hiyo watu hawakupata nafasi ya kuuliza juu ya yaliyomo ndani yake. Jopo lilisema pia kwamba Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya 2016 haikuzingatiwa. Kampuni ikitaka kuendelea, ilipaswa kuanza tathmini upya.

Kampuni ilikwenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Mwezi Oktoba 2025 mahakama hiyo, ikiketi Malindi, iliukubali uamuzi wa Jopo. Tangu leseni kutolewa ilikuwa imepita miaka tisa.

Tunawaomba mliangalie vizuri jambo hili. Watu wa Lamu walileta pia hoja juu ya samaki, hewa na afya. Lakini nguzo ya ushindi wao ilikuwa kwamba serikali haikufuata hatua zilizowekwa na sheria yake yenyewe. Mkulima anaweza kushindwa kubishana na mtaalamu juu ya vumbi na kemikali. Hashindwi kusema kweli juu ya mkutano ambao haukufanyika kijijini kwake.

Wakati rufaa si njia yake

Jopo husikiliza rufaa dhidi ya maamuzi ya NEMA. Kama mradi hauna leseni kabisa, hakuna uamuzi wa kukatia rufaa. Hapo pelekeni malalamiko NEMA ili isimamishe kazi, au nendeni Mahakama ya Mazingira na Ardhi kwa kifungu cha 70 cha Katiba. Ikiwa ugomvi ni wa fidia ya shamba au mpaka, nao una njia nyingine.

Kabla leseni haijatoka

Rufaa bora huanza kabla ya kuhitajika. Mkisikia ilani ya mradi redioni, andikeni jina la mradi na siku ya mwisho ya kutoa maoni. Pelekeni maoni kwa maandishi, hata kama ni ukurasa mmoja wa daftari, na mbaki na nakala. Mkienda mkutanoni, ombeni kuiona ripoti na kuelezwa kwa lugha mnayoielewa, na maswali yenu yaandikwe. NEMA ikitoa leseni bila kuyajibu, karatasi hiyo ya daftari ndiyo mtakayoiweka mezani mwa Jopo.

Kanuni hurekebishwa mara kwa mara. Kabla ya kupeleka rufaa, thibitisheni na ofisi ya NEMA ya kaunti au na wakili ni kanuni zipi zinazotumika sasa. Ila msizitumie hizo siku 60 zote katika kuuliza.