Ngoma katika Mwambao wa Ziwa Tanganyika

Neno ngoma ni miongoni mwa maneno makongwe ya lugha za Kibantu. Limesambaa tangu misitu ya Kongo hadi pwani ya Bahari ya Hindi, na kila lilikofika limezaa maana. Kwa Waswahili, ngoma ni chombo kilichowambwa ngozi. Ni mchezo uchezwao kwa chombo hicho. Ni mkusanyiko wa watu waliokuja kucheza. Na tena ni uganga wa kupunga pepo. Kwa Warundi na Wanyarwanda, ingoma ni chombo, na vilevile ni ufalme wenyewe. Ni mahali pachache katika Tanzania ambapo maana hizi zimekutana kama zilivyokutana Kigoma na Ujiji. Kwa hiyo, atakaye kuijua historia ya mwambao huo yampasa aisikilize ngoma kwa makini yale yale asomayo hati.

Mwezi Februari 1858 Richard Burton na John Speke, wasafiri wa Kiingereza, walifika Ujiji kwa njia ya misafara itokayo pwani. Mwezi Aprili walipanda mitumbwi kuelekea Uvira, upande wa kaskazini wa ziwa. Burton ameeleza katika kitabu chake jinsi wapiga makasia walivyoimba, mmoja akianzisha na wengine wakiitikia, na jinsi katika omo ya kila mtumbwi palivyokuwa na mtu, pengine zaidi ya mmoja, aliyepuliza pembe na kupiga ngoma bila kukoma. Kwake yeye hayo yalikuwa makelele ya kuudhi. Lakini mwalimu na awaulize wanafunzi wake: makasia mengi yatazamaje majini kwa pamoja pasipo pigo moja la kuyaongoza? Mikono iliyochoka hupewa nguvu na nini? Ngoma ya omoni ilikuwa sehemu ya chombo kama lilivyokuwa kasia. Burton aliisikia barabara na akaiandika. Hakuuliza ina kazi gani. Ndivyo ilivyoingia vitabuni ngoma ya ziwa hili, kwa kalamu ya mtu aliyetamani inyamaze.

Nyuma ya mwambao nchi huinuka hadi nyanda za juu za Buha. Huko Waha walitawaliwa na watemi walioitwa Mwami, na lugha yao inasikilizana na Kirundi. Katika falme za eneo hili la Maziwa Makuu, ngoma ilikuwa kiti cha enzi chenye sauti. Burundi ilikuwa na Karyenda, ngoma kuu ya ufalme, nayo iliheshimiwa kama aheshimiwavyo mfalme. Ngoma hizo huchongwa katika mti ambao Warundi huuita umuvugangoma, nao kwa Kiswahili ni mringaringa. Gogo huchimbwa, hufunikwa kwa ngozi ya ng'ombe, na ngozi hiyo hukazwa kwa vigingi vya mti. Wapigaji husimama wakatumia fimbo mbili. Ngoma moja hutangulia, nyingine hushika pigo lisilobadilika, na nyingine humfuata kiongozi katika mageuzi yake. Mpangilio huo ni picha ya dola.

Tanganyika iliondoa utawala wa machifu mwaka 1963, na Burundi ikaondoa ufalme mwaka 1966. Hapo ndipo lilipozuka swali ambalo halijaisha: ngoma kwa maana ya ufalme ikishaondoka, ngoma kwa maana ya chombo inasema nini?

Ng'ambo ya ziwa, upande wa magharibi, ilitoka ngoma ya namna nyingine. Biashara ya pembe za ndovu na watumwa katika karne ya 19 iliwavusha watu wengi wa Umanyema hadi Ujiji. Wengine walikuja wamefungwa minyororo, wengine ni wapagazi, wengine ni wafuasi wa wafanyabiashara. Katika bonde la Kongo walikotoka ilikuwapo ngoma isiyo na ngozi, nayo ni gogo lililochimbwa kwa kupitia mpasuo mwembamba. Upande mmoja wa mpasuo hutoa sauti ya juu na wa pili hutoa sauti ya chini. Mwaka 1949 misionari John Carrington, aliyeishi miaka mingi Kongo, alichapisha kitabu cha kueleza siri yake. Lugha za huko zina toni, yaani neno hupambanuliwa kwa kupanda na kushuka kwa sauti, na gogo huiga toni hizo. Kwa kuwa maneno mengi yana toni sawa, mpigaji hulirefusha neno kwa maelezo mpaka msikilizaji asiweze kukosea.

Sasa tutazame lililotukia Ujiji. Wamanyema, Wajiji, Waha na watu wa pwani walihitaji lugha moja, nayo ikawa Kiswahili. Lakini Kiswahili hakina toni za namna hiyo, na gogo haliwezi kuyatamka maneno yake. Mji ulipopata lugha ya pamoja, ngoma ya kusema ilipoteza ulimi. Huo ni mfano wa gharama ambayo umoja huweza kudai, na si haki kuisahau tunapoyasifu matunda yake.

Pamoja na Kiswahili ilikuja ngoma ya mkono. Watu wa pwani walikuwa na msondo, chapuo na vumi, ngoma zipashwazo moto ili ngozi ikaze na sauti ipande. Kiganja kikitua katikati ya ngozi hutoa mvumo mzito. Vidole vikigonga ukingoni hutoa mlio mkali. Na mpigaji stadi huvichanganya hata msikilizaji akadhani wapigaji ni watatu. Matari nayo yakashika nafasi yake katika maulidi.

Mwaka 1914 reli ya kati ilifika Kigoma. Vita Kuu ikazuka, na tangu 1916 hadi 1921 mji ulikuwa chini ya Wabelgiji. Askari na wapagazi wa vita hiyo waliieneza beni, ngoma iliyozaliwa pwani ya Kenya kwa kuiga bendi za Wazungu, yenye matarumbeta, gwaride na vyeo. Vyama vya ngoma vya zama hizo vilizika wafu, vilisaidia wagonjwa na vilimpa mgeni ndugu mjini. Vilishindana pia, na ushindani wa vyama uliweza kugeuka ugomvi, kama ilivyotokea Ujiji mwaka 1932. Serikali ya kikoloni ilitambua nguvu hiyo, ndiyo maana mijini ikadai kibali kabla ya ngoma kupigwa. Haombwi kibali mtu kwa jambo lisilo na uzito.

Tarehe 10 Desemba 1962, Mwalimu Julius Nyerere alilitangazia Bunge kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Alisikitika kwamba wasomi walijua dansi za kigeni kuliko gombesugu, mangala, kiduo au lelemama. Kikaundwa kikundi cha ngoma cha taifa, na mwaka 1981 kikafunguliwa Chuo cha Sanaa Bagamoyo. Kazi hiyo iliirudishia ngoma heshima. Hata hivyo, jukwaa lina hila yake. Ngoma iliyokuwa ikikesha hukatwa ikawa dakika kumi za kumlaki mgeni rasmi; pigo hubaki, na sababu ya pigo husahauliwa.

Majirani zetu wanatupa funzo. Mwaka 1967 ngoma za Burundi zilirekodiwa na Wafaransa, na mwaka 1975 mwimbaji Joni Mitchell alitumia rekodi yao katika wimbo wake mmoja. Dunia ilivutiwa na mapigo isiwajue wapigaji. Mwaka 2014 UNESCO iliitia ngoma hiyo ya kifalme katika orodha ya urithi wa binadamu. Na mwaka 2017 amri ya Rais wa Burundi ikawakataza wanawake kuipiga. Nasi katika Buha tunakumbuka kwamba Mwami Theresa Ntare, mwanamke, aliitawala Heru katika miaka ya mwisho ya ukoloni. Ikiwa mwanamke aliweza kuishika ingoma kwa maana ya ufalme, ni nani atakayemwambia hawezi kuipiga?

Wahenga walisema kila mwamba ngoma ngozi huvutia kwake. Mfalme aliivutia kwake, mkoloni akaivuta kwa kibali chake, na mwenye studio kwa faida yake. Zamu hii ni ya shule. Mwalimu wa Kasulu, Kigoma au Ujiji akiwatuma wanafunzi kwa wazee, wasiishie kujifunza pigo. Waulize ngoma hii inaitwaje, imechongwa katika mti gani, nani aliruhusiwa kuipiga na nani alikatazwa, ilipigwa siku gani, na ikilia watu walifanya nini. Majibu wayaandike kwa tarehe na kwa jina la kijiji. Mzee afapo na majibu hayo, ngoma itabaki na ngozi yake na fimbo zake. Itakayokosekana ni ile kauli iliyowafanya watu wa ziwa hili waiite ngoma kwa jina moja na ufalme.