Bakuli la Asiyeshika Jembe

Mto Luvua, kusini mashariki mwa Kongo, hutoka Ziwa Mweru pale Pweto na kushuka kwa kishindo hadi kukutana na Lualaba huko Ankoro. Njiani hupita maporomoko ya Piana-Mwanga, ambako kampuni ya Kibelgiji ya Géomines ilijenga kituo cha umeme katika miaka ya 1930 ili kuendesha machimbo yake ya bati ya Manono. Wanaosimulia habari za nchi hii huanza na bati. Lakini kati ya Luvua na Ziwa Tanganyika kuna historia nyingine, ya zamani zaidi: ya watoto waliokosa wa kuwalea, na ya watu walioamua mtoto yupi alishwe na yupi aachwe.

David Livingstone alifika kwa mtawala Mwata Kazembe, kusini ya Mweru, mwishoni mwa mwaka 1867. Katika shajara yake aliandika kwamba huko mtoto anayeota meno ya juu kabla ya yale ya chini alihesabiwa kuwa nuksi, akauawa. Wenyeji wa pwani nao walimwogopa kigego, yaani mtoto wa namna hiyohiyo. Mwili uliokwenda kinyume na kawaida ulitafsiriwa kama habari mbaya kwa ukoo mzima.

Isidhaniwe hata hivyo kwamba wazee wa wakati ule walikuwa watu wasio na huruma. Kwa Watabwa wa milima ya Marungu, ambao ukoo wao hufuata upande wa mama, mtoto aliyefiwa na wazazi alikuwa na mjomba, na mjomba alikuwa na wajibu. Yatima asiye na mtu hata mmoja alikuwa nadra. Aliyemfanya awe wa kawaida ni mfanyabiashara ya watumwa, aliyewanyakua watoto Marungu na Umanyema na kuwafikisha sokoni Ujiji, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, mahali ambapo hapakuwa na mjomba wala shangazi.

Waliokuja kuwakomboa walitoka mbali, na walikuja na mpango uliokwisha kujaribiwa kwingine. Njaa iliyoipiga Algeria mwaka 1867 na 1868 ilimwachia Askofu Mkuu wa Algiers, Charles Lavigerie, yatima zaidi ya 1,000. Mwaka huohuo wa 1868 akaanzisha shirika la Mapadri Weupe. Yatima wale walipokua, aliwaoza wao kwa wao na kuwapa mashamba katika kijiji chao cha Kikristo. Mapadri wake wakafika Ujiji Januari 1879, na mwaka 1885 wakakabidhiwa ngome ya Mpala, kusini ya Kalemie ya leo, iliyokuwa imejengwa miaka miwili kabla na ofisa wa Kibelgiji, Émile Storms. Mwaka 1887 kapteni Léopold Joubert akaja kuwalinda kwa bunduki.

Mpango ulikuwa uleule wa Algeria. Mtoto hukombolewa, hulishwa, hufundishwa katekisimu na kulima. Akikua hupewa jembe, mke na kiwanja. Kwa njia hiyo vilizaliwa vijiji vya Mpala, na baadaye Baudouinville, ambayo leo huitwa Moba. Baadhi ya watoto waliokombolewa walifika mbali sana. Adrien Atiman, aliyetekwa utotoni karibu na Timbuktu, alisomeshwa uganga Malta, akawasili Karema, ng'ambo ya ziwa, mwaka 1889, na akatibu watu huko mpaka alipofariki mwaka 1956.

Ni mpango uliookoa roho nyingi, hilo halina ubishi. Ila tazama ulivyosukwa: mwisho wake ni jembe. Mtoto ambaye miguu yake haitasimama kamwe, au asiyeweza kukaa peke yake, hakuwa na mahali katika safari ile. Angeweza kupewa chakula kwa huruma, si kwa mpango. Kampuni za madini zilipokuja na posho zao za unga na samaki, hesabu haikubadilika sana, kwa sababu posho ilipitia kwa mwenye nguvu za kuchimba.

Njaa yenyewe huzaa ulemavu. Mwaka 1938 daktari Giovanni Trolli alieleza ugonjwa wa Kwango, magharibi mwa Kongo, uitwao konzo: mtu hulala mzima, huamka miguu imekakamaa, na haponi. Chanzo ni muhogo mchungu usiolowekwa vya kutosha, unaobaki na sumu ya sianidi, tena kwa watu wasiopata samaki, nyama wala maharage. Huko Tarime, Tanzania, ugonjwa huo ulizuka mwaka 1985, katika kipindi cha uhaba wa chakula, watu walipoacha kuusindika muhogo kama ilivyotakiwa. Wanaougua zaidi ni watoto na wanawake.

Kwamba kulisha si suala la magunia tu kulithibitishwa mbali na Afrika. Mwaka 1948 mtaalamu wa lishe Mwingereza, Elsie Widdowson, aliwapima watoto wa nyumba mbili za yatima nchini Ujerumani, kila moja ikiwa na watoto wapatao 50. Nusu ya pili ya mwaka, nyumba moja iliongezewa mkate, jemu na maji ya machungwa. Ikatarajiwa wanenepe. Badala yake, wale wasioongezewa kitu ndio waliozidi kuongezeka uzito. Ikagundulika kwamba mlezi mkuu mkali, aliyezoea kuwakemea watoto wakati wa kula, alikuwa amehamishiwa nyumba iliyopata nyongeza wakati uleule. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1951, na yangefaa kubandikwa jikoni kwa kila nyumba ya yatima.

Kongo ina sheria ya kumlinda mtoto tangu Januari 2009. Inampa mtoto mwenye ulemavu haki ya kulindwa na kutibiwa, na inakataza kumsingizia mtoto uchawi, shutuma ambayo mara nyingi huwaangukia walewale wenye miili tofauti. Mkoa wa Tanganyika, wenye Manono na Kalemie, ulizaliwa mwaka 2015, na muda si mrefu mapigano kati ya Watwa na Waluba yakawatimua mamia ya maelfu ya watu. Wengi wakakimbilia viunga vya Kalemie. Misaada ikaja kwa magunia, kama kawaida.

Mtoto mwenye mtindio wa ubongo halishwi na gunia. Bukari, yaani ugali, ukiwa mgumu humkaba. Akilishwa amelala chali, chakula huingia mapafuni na kuleta nimonia, naye hufa huku ikisemwa ni homa. Anahitaji uji laini uliotiwa unga wa ndakala, yaani dagaa, na mawese kidogo. Huketishwa wima, kichwa kimeegemezwa na kidevu kimeinama kidogo, kijiko kiwe kidogo, na mlezi asubiri ameze kwanza. Vyakula vyenyewe vipo katika soko la Kalemie. Kinachokosekana ni mtu wa kuketi naye. Mlo mmoja wa namna hiyo waweza kuchukua nusu saa. Kwa watoto 10 na milo mitatu, hizo ni saa 15 za kazi kila siku, yaani walezi wawili wasiofanya jambo lingine lolote tangu asubuhi hadi jioni.