Gamba linavyotambulisha diatomu yenye sumu

DIATOMU ni mwani wa seli moja, mdogo kiasi cha kutoonekana kwa macho matupu. Kila seli hujijengea gamba la silika, madini yale yale yaliyomo katika mchanga na kioo. Gamba hilo lina vipande viwili vinavyofumbatana mithili ya kisanduku na kifuniko chake. Juu yake mna vitundu vilivyojipanga kwa mistari, na mpangilio huo ndio unaowawezesha wataalamu kutenganisha spishi.

Hatua ya kwanza ni kutazama umbo. Kuna diatomu za duara, ambazo mistari yake hutawanyika kutoka katikati, na kuna zile ndefu, ambazo mistari yake hupangika pande mbili za mhimili.

Miongoni mwa hizi ndefu imo jenasi ya Pseudo-nitzschia. Seli zake zimechongoka kama sindano, nazo huungana kwa kupishanisha ncha hata zikafanya minyororo. Mtaalamu hupima upana wa gamba, kisha huchunguza iwapo vipingo vilivyo kando ya ufa wake vimeacha pengo katikati. Pseudo-nitzschia delicatissima ina pengo hilo, ilhali P. pungens na P. multiseries hazina.

Ugumu umo katika kutenganisha hizi mbili za mwisho. Idadi ya mistari katika maikromita 10 za gamba hukaribiana, hivyo basi kuihesabu pekee hakutoshi. Sharti kila mstari uchunguzwe ndani. Aghalabu P. pungens huwa na safu mbili za vitundu vikubwa, ilhali P. multiseries huwa na safu tatu, nne au hata zaidi, za vitundu vidogo. Ili vionekane vyema, seli husafishwa kwa asidi mpaka libaki gamba tupu, kisha hutazamwa kwa hadubini ya elektroni.

Mnamo 1965, mtaalamu wa Norway, Grethe Rytter Hasle, alieleza tofauti hiyo, ingawa wakati huo zote mbili zilihesabiwa kuwa spishi moja. Mwishoni mwa 1987, zaidi ya watu 100 nchini Kanada waliugua baada ya kula kome kutoka Prince Edward Island. Watu wasiopungua watatu walifariki, na baadhi ya manusura wakapoteza kumbukumbu. Chanzo kilikuwa asidi ya domoiki, sumu iliyotengenezwa na diatomu yenye safu nyingi za vitundu. Mwaka wa 1995, Hasle aliipa hadhi ya spishi kamili.

Hata hivyo, gamba hutambulisha spishi tu, wala halipimi sumu. Si kila ukoo wa spishi moja hutoa sumu kwa kiwango sawa, na kupika hakuiondoi. Ndiyo maana nyama ya kome nayo hupimwa, na kikomo kinachotumiwa na mataifa mengi ni miligramu 20 kwa kilo.