Wi-Fi imeshika lakini intaneti haifunguki? Angalia kama kompyuta inapewa anwani na ruta

Kompyuta iliyotoka ofisini inaweza kushika Wi-Fi ya nyumbani, ikaonyesha mistari yote ya mtandao, na bado isifungue hata ukurasa mmoja. Hapo wengi hudhani bando limeisha, au huibeba mashine moja kwa moja kwa fundi. Wakati mwingine tatizo ni mpangilio mmoja tu: anwani ya mtandao iliandikwa kwa mkono na haijaondolewa. Kuurekebisha ni bure, na hakuhitaji intaneti.

DHCP ni nini?

Kila kifaa kwenye mtandao wa nyumbani kinahitaji namba yake, inayoitwa anwani ya IP. Mfano ni 192.168.1.105. DHCP ni utaratibu unaoiwezesha ruta kugawa namba hizo yenyewe, bila mtu kuandika chochote. Ulichapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1993, ukaboreshwa mwaka 1997.

Inavyofanya kazi

Kompyuta ikijiunga na mtandao, inauliza kwa sauti: nani anagawa anwani hapa? Ruta inajibu kwa kupendekeza namba. Kompyuta inaiomba namba hiyo, ruta inathibitisha. Kwa kawaida yote haya huisha ndani ya sekunde chache.

Pamoja na namba, ruta hutoa vitu vingine viwili: anwani ya geti, yaani njia ya kutokea kwenda intaneti, na anwani ya DNS, inayogeuza majina ya tovuti kuwa namba.

Namba hiyo kompyuta haimiliki, imepanga tu. Ruta nyingi hutoa muda wa saa 24, na nusu yake ikifika kompyuta huomba kuongezewa. Ndiyo maana simu ya mgeni wa jana haishikilii namba milele.

Tatizo linapoanzia

Anwani ya mkono haijui kwamba mashine imehama. Kama ofisini geti lilikuwa 192.168.1.1 na nyumbani ni 192.168.0.1, kompyuta itaendelea kubisha hodi kwenye geti ambalo halipo.

Kuna hali nyingine inayochanganya zaidi: vifaa viwili kuwa na namba moja. Mtandao unakuja na kukata, mara kwa huyu, mara kwa yule, na lawama zote zinaenda kwa mtoa huduma.

Hatua kwenye Windows 11

Kabla ya kubadilisha, piga picha ya namba za zamani kwa simu. Kama mashine ni ya ofisi, huenda zikahitajika tena kazini.

1. Fungua "Settings", kisha "Network & internet".
2. Chagua "Wi-Fi", halafu "properties" za mtandao uliojiunga nao. Kwa waya, chagua "Ethernet".
3. Kwenye "IP assignment", bonyeza "Edit".
4. Badala ya "Manual", weka "Automatic", kisha "Save".
5. Fanya hivyo hivyo kwenye "DNS server assignment".

Kwenye Mac, pita "System Settings", "Wi-Fi", "Details", "TCP/IP", kisha chagua "Using DHCP". Watumiaji wa Ubuntu watakuta chaguo la "Automatic" ndani ya mipangilio ya mtandao husika, sehemu ya IPv4.

Kusoma majibu

Fungua "Command Prompt", andika ipconfig, bonyeza Enter. Angalia mstari wa "IPv4 Address" wa mtandao unaotumika.

Ikianza na 169.254, kompyuta iliomba anwani na hakuna aliyejibu, ikajipa yenyewe. Kasoro iko kati yake na ruta: waya umelegea, Wi-Fi ni dhaifu, au DHCP imezimwa kwenye ruta. Zima ruta, iwashe tena, kisha andika ipconfig /release, na baadaye ipconfig /renew.

Ikianza na 192.168 au 10, na "Default Gateway" ina namba ya ruta, ujue DHCP imefanya kazi yake. Kama kurasa bado hazifunguki, sasa ni sahihi kuangalia bando au kumpigia mtoa huduma.

DNS isisahaulike

Namba ya DNS isiyojulikana imetoka wapi ni hatari. Kirusi cha DNSChanger kilibadilisha DNS kwenye kompyuta takriban milioni 4 duniani, kikawapeleka watu kwenye kurasa za matapeli bila wao kujua. FBI ilitangaza kuuvunja mtandao huo Novemba 2011. Seva za muda zilizowekwa kuwasaidia waathirika zilizimwa tarehe 9 Julai 2012, na mashine ambazo hazikuwa zimesafishwa zikapoteza intaneti.

Vifaa vinavyohitaji namba isiyobadilika

Printa na kamera za ulinzi mara nyingi hutafutwa kwa namba zao, hivyo namba ikibadilika huwa hazionekani. Hata hizo, njia salama ni kuziacha kwenye DHCP, kisha kuingia kwenye ruta na kuzitengea namba kwa kutumia anwani ya MAC ya kila kifaa. Ruta itawapa namba ile ile kila siku, na haitampa mwingine.